Oili ya sintetiki kwenye gari la marehemu baba

Tone la kwanza nililiona alfajiri, nilipotoka kuwasha gari niende shule. Lilikuwa dogo, jeusi, juu ya simenti ya ua wetu hapa Shella, Malindi. Nikaligusa kwa kidole, nikanusa. Oili. Nikapiga magoti nikachungulia uvunguni mwa gari kwa taa ya simu, nikaona jingine limening'inia kwenye ukingo wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, linangoja zamu yake.

Siku nne kabla yake nilikuwa nimemwaga oili ya zamani nikatia sintetiki tupu, mara ya kwanza tangu gari hili liingie nyumbani kwetu. Na watu walikuwa wamenionya. Muuza spea wa mjini alishika galoni mkononi, hakutaka kuniachia. "Mwalimu, hii ni oili ya gari jipya. Gari kuukuu ukilinywesha sintetiki litatapika." Shemeji yangu naye alisema hayo hayo. Fundi wangu, mtu mzima ninayemwita ami kwa kuwa alikuwa sahibu wa baba, hakunikataza. Alinyamaza tu akaendelea kufuta spana zake, na mimi nikajua kwa nini amenyamaza.

Asubuhi ile nilisimama uani na kidole cheusi, nikahisi nimemkosea baba.

Gari ni Corolla, ile tunayoiita 110, ya mwaka 1997. Baba aliinunua Mombasa mwaka 2004 akaifanya teksi, kati ya uwanja wa ndege na mahoteli. Injini yake ni 5A-FE, cc 1498, na baba hakuwahi kuiacha namba hiyo ipite hivi hivi. Akiwapeleka Waitaliano kwenye mnara wa Vasco da Gama, aliwaeleza kwamba Mreno yule alitia nanga Malindi mwaka 1498, kisha akalipiga boneti kofi: na hii nayo ni 1498! Walikuwa wakimpiga picha yeye na gari lake, mnara ukabaki nyuma.

Alikuwa na daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, amelichora mistari kwa rula: tarehe, kilomita, oili, filta, bei. Kila kilomita 3,000 alimwaga oili, 20W-50 ya kawaida, hakuruka hata mara moja kwa miaka 14. Maandishi ya mwisho ni ya Agosti 2018, kilomita 318,406. Hapo ndipo ugonjwa ulipomkamata. Gari likapewa madereva wa hesabu, huyu miezi sita, yule mwaka, na daftari likakaa kabatini. Baba alifariki 2021. Mwaka uliofuata nilipolichukua gari, saa ya kilomita ilisoma 371,020. Kilomita 52,614 hazina mstari hata mmoja. Nilimtafuta dereva wa mwisho nikamuuliza oili ilikuwa ikibadilishwa lini. Akaniambia kwa moyo mweupe kabisa: "Tulikuwa tunaongeza ikipungua."

Nilipaswa kulitia maanani jibu lile kuliko nilivyolitia. Nitalirudia.

Sababu ya kutaka sintetiki ilikuwa kwanza ni sauti. Kila asubuhi nikiwasha, tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali juu ya injini, zilipiga kelele, ta-ta-ta-ta, sekunde sita au saba, ndipo zikatulia. Ni chuma kinaita oili ipande juu. Pili, njia yangu. Nafundisha upande wa Gongoni, kwa hiyo navuka daraja la Sabaki na kupita Mambrui kila siku, kwenda na kurudi karibu kilomita 50, mara nyingi nyuma ya malori ya chumvi ambayo huwezi kuyapita. Kaskazi ikishakolea, Januari na Februari, saa nane ya mchana lami inatoa mvuke machoni na injini inachemka huku gari linatambaa. Oili niliyoitia ikiwa rangi ya asali ilikuwa nyeusi kabla ya wiki tatu kwisha. Weusi peke yake si kosa, maana oili ni lazima ibebe uchafu, ndiyo kazi yake. Kilichonisumbua ni harufu. Ilinuka kuungua.

Mimi ni mwalimu wa kemia, na harufu ile naijua kwa jina. Oili ikikutana na hewa na joto huoksidika, na kanuni ya jumla tunayowapa wanafunzi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mmenyuko hukaribia kuwa maradufu. Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa, na ndani yake molekuli ni za kila namna, ndefu na fupi, pamoja na mabaki ya nta na salfa. Ni kama kokoto ulizozizoa ufukweni. Dhaifu miongoni mwake huvunjika kwanza, zinashikana, zinakuwa tope. Sintetiki halisi hujengwa kiwandani kutoka molekuli ndogo, kwa mfano ethilini, zikaunganishwa mpaka zote zikalingana kama shanga za uzi mmoja. Haichoki haraka kwa joto, haipotei kwa mvuke upesi, na ikipoa haigandi sana.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi. API, taasisi ya petroli ya Marekani, imeyagawa mafuta ya msingi makundi 5. Makundi matatu ya mwanzo yote hutokana na mafuta ghafi, la nne ndilo la sintetiki ya kujengwa, na la tano ni mengineyo, esta zikiwemo. Sasa lile kundi la tatu limesafishwa kwa hidrojeni na shinikizo kubwa mpaka tabia yake imesogea karibu na sintetiki, na katika nchi nyingi huruhusiwa kuandikwa sintetiki tupu kwenye galoni. Ujerumani hawakubali kuliita hivyo. Hii haimaanishi kwamba ni oili mbaya. Kwa injini kama yangu inatosha kabisa. Lakini ukiona galoni mbili za sintetiki tupu, moja bei yake imezidi ya mwenzake karibu nusu, ujue huenda ndani si kitu kimoja.

Basi, tone.

Jumamosi yake nikalipeleka gari Maweni, kwenye gereji ya ami chini ya mwarobaini.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Limetapika?"

"Limetapika."

Akatandika katoni akalala chali chini ya gari, akakaa kimya muda mrefu. Alipotoka alisema neno ambalo sasa nawaambia wote wanaonijia na gari linalovuja. "Oili hushuka, haipandi. Unapoiona sipo inapotoka." Akanituma dukani nikanunue poda ya mtoto. Nilidhani sikumsikia vizuri, akarudia: poda ya mtoto, ile ya kopo. Wakati naenda, alifuta injini yote kwa tambara na petroli mpaka ikakauka, na niliporudi aliinyunyizia poda juu, ubavuni na chini hadi injini ikawa nyeupe kama imekwenda arusini. Tukaendesha mpaka Ganda na kurudi. Alipofungua boneti, mistari myeusi ilikuwa imejichora juu ya weupe, kila mmoja na mwanzo wake. Mmoja ulianzia nyuma ya kava ya tapeti. Wa pili ulitoka pale distribyuta inapoingia kwenye injini, ambapo kuna ringi ndogo ya raba. Na chini kabisa, pale injini inapokutana na giaboksi, palikuwa na unyevu mwembamba usio na mstari. Ami alipaangalia akakunja midomo. Hiyo ni sili ya nyuma ya krankshafti, pete ya raba inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea, na kuifikia ni mpaka giaboksi ishuke.

Kabla hajafungua chochote alichomoa vali ndogo juu ya kava, ile ya PCV, inayoiwezesha injini kupumua. Akaitikisa sikioni. Kimya. Akaniletea mimi niisikie pia. "Hii ikiwa hai hulia kama njuga." Kuna gesi kidogo ambazo kila mara hupenya pembeni ya pistoni zikaingia chini ya injini, na vali hii ndiyo njia yake ya kutokea kurudi kuchomwa. Ikiziba, shinikizo linajaa ndani na linatafuta mlango. Mlango wake huwa ni sili yoyote iliyochoka. Gari langu lilikuwa limezibwa pua na kufungwa mdomo, halafu tunailaumu oili kwa kuvuja.

Kisha akafungua kava ya tapeti, akaniita.

Nimeona injini zilizofunguliwa, baba alinilea gereji. Lakini hii sikuitarajia. Pembeni kote, kwenye kona na juu ya vishimo vya kurudishia oili, kulikuwa na tope zito, jeusi, linang'aa, linashikana na kidole kama halua iliyopikwa ikapitiliza. Katikati, mahali oili mpya ilipokuwa inapita kwa nguvu, palikuwa pameanza kusafika, chuma kinaonekana. Siku chache tu za sintetiki zilikuwa zimekwisha kulila tope lile kwa ukingoni. Gasketi ya kava alipoivuta haikupinda. Ilikatika vipande vipande kama ganda la embe lililosahauliwa juani.

Ami akatazama, akasema taratibu, "Baba yako hakuiacha hivi."

Hakuiacha hivyo. Zile zilikuwa kilomita 52,614 zisizo na mstari, nimezishika mkononi. Tulikuwa tunaongeza ikipungua. Oili ya kuongezwa bila kumwagwa ni kama maji ya kunde unayoyajazia kila siku bila kuosha sufuria, kilicho chini kinaungulia pale pale. Tope lilikuwa limekaa kwenye nyufa za gasketi na kuzunguka sili zilizokauka, likazifanyia kazi ya kuziba. Sintetiki nzuri ina sabuni zake, na imelifanya jambo lake: imeosha. Ilipoosha, tundu lililokuwapo siku zote likaonekana. Kwa hiyo ukiniuliza kama sintetiki ilivujisha gari langu, nitakujibu kwamba tone lilitoka kwa sababu yake, lakini tundu hakulitoboa yeye. Na tofauti hiyo kwangu ni kubwa, maana tone utalitibu kwa kurudi kwenye oili nzito na kuficha, na tundu utalitibu kwa kuziba.

Hofu yenyewe ya watu ina asili, sitaki kuidharau. Sintetiki za mwanzo zilizofika kwenye magari ya kawaida miaka ya 1970 kweli zilisumbua sili. Raba ya sili hunyonya sehemu fulani za oili ya kawaida ikavimba kidogo, na kuvimba huko ndiko kunakoibana mahali pake. Sintetiki ya kujengwa peke yake haina sehemu hizo, kwa hiyo raba iliyozoea oili ya kawaida ilisinyaa, ikaachia. Baadaye watengenezaji walichanganya esta, ambazo huivimbisha raba kiasi kile kile, na leo oili hupimwa pamoja na raba za sili kabla haijaruhusiwa kubeba alama ya viwango. Kosa lilirekebishwa zamani, onyo likaendelea kusafiri mdomo kwa mdomo mpaka likafika kwenye kaunta ya muuza spea wa Malindi.

Ami alitaka tuisukutue injini kwa dizeli. "Dakika tano tu inguruma, kisha tunamwaga, uchafu wote unatoka." Ni desturi, gereji nyingi hufanya. Nilimkatalia kwa adabu zote. Dizeli haina uwezo wa kukaa kati ya chuma na chuma kinachozunguka, na mbaya zaidi, tope likilegea kwa vipande haliondoki lote kwa kumwaga. Vipande huteremka kwenye sampu vikakaa kwenye chujio la pampu ya oili. Chujio likiziba, oili haipandi, na beringi za krankshafti hazisubiri kuulizwa. Nikamwomba tufanye polepole. Aliziba vishimo vya kurudishia kwa vitambaa, akakwangua tope kwa kijiti cha mbao na matambara, saa moja na nusu. Alikuwa akikunja kila tambara chafu na kuliweka kando. Gasketi mpya pamoja na ringi za mashimo ya plagi ilikuwa shilingi 1,200, ringi ya distribyuta 150, vali ya PCV 650, na yeye nikampa 1,500 ambazo alitaka kunirudishia 500.

Hapo pia ndipo tulipopima kampresheni, yaani shinikizo ambalo kila pistoni hulijenga inapobana hewa, kitu ambacho kwa haki kilipaswa kuja kabla ya galoni ya kwanza kununuliwa. Pistoni ya kwanza ilitoa psi 165, ya pili 160, ya tatu 162, ya nne 158. Namba zinakaribiana, hakuna iliyoanguka peke yake. Ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoziba pembeni yake, ziko hai. Kama moja ingetoa 110, ningetia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Ikibaki pale pale, tatizo ni la vali. Na hapo mazungumzo yote ya sintetiki yangekoma.

Nilianza kulaza katoni safi chini ya gari kila usiku na kuhesabu matone asubuhi, nikiandika nyuma ya daftari la baba. Kabla ya matengenezo yalikuwa 11. Baada ya gasketi, ringi na vali yalikuwa 3, na yote 3 ni ya sili ya nyuma. Oili ile ya kwanza niliimwaga baada ya kilomita 1,500 tu, ingawa iliniuma kumwaga kitu cha bei ile. Ilitoka nyeusi kama wino wa pweza. Ya pili niliipa kilomita 4,000, ikatoka kahawia iliyoiva. Filta zote mbili ami alizikata kwa msumeno tukafungua karatasi zake juu ya gazeti: vijipande laini vya tope, chuma hakuna. Kuanzia ya tatu nimekuwa nikienda kilomita 7,000, na nimehamia aina ya sintetiki iliyoandikwa kuwa ni ya magari yenye kilomita nyingi. Hizo huongezewa dawa ya kulainisha na kuvimbisha sili. Matone 3 yamekuwa moja, siku nyingine hakuna, unyevu tu. Halikukoma kabisa. Dawa ya chupa hairudishi raba ujana.

Na ile ta-ta-ta-ta ya asubuhi sasa ni sekunde mbili. Wakati mwingine siisikii.

Juu ya uzito wa oili tulibishana sana na ami. Yeye ni mtu wa 20W-50, kama baba. Mimi nilichagua 5W-40. Herufi W ni ya majira ya baridi kwa Kiingereza, na namba iliyo mbele yake huonyesha oili inavyotembea ikiwa ya baridi. Hoja yake ilikuwa kwamba Malindi hakuna baridi, kwa hiyo nalipia kitu nisichokihitaji. Ni kweli alfajiri yetu haishuki chini ya nyuzi 20 hivi. Lakini hata kwa joto hilo 5W-40 ni nyepesi kuliko 20W-50, na zile sekunde za kwanza ndizo oili inapotakiwa kufika juu upesi. Namba ya nyuma ndiyo uzito ikiwa nyuzi 100: 40 huanzia 12.5 mpaka 16.3 kwa kipimo chake, na 50 huanza pale 40 inapoishia. Sikuthubutu kushuka hadi 30 kwa injini iliyokwenda umbali huu, kwa joto hili, nyuma ya malori yale. Ami alisikiliza, akasema tutaona. Mpaka leo anasema tutaona.

Sasa shemeji. Ana Probox inayobeba abiria, imepita kilomita laki 5, na alipoona gari langu limetulia akabadilisha mawazo akatia sintetiki bila kuniambia. Gari lile lilikuwa likila lita moja kila kilomita 800, moshi wa buluu unalifuata mpaka stendi. Sintetiki ikaliwa haraka zaidi. Alikuja kwangu amekasirika, na alikuwa na haki, kwa sababu nilimsimulia raha yangu bila kumsimulia kampresheni. Ringi zikishaisha au kuganda, unachotia juu kinatoka nyuma, kiwe cha shilingi 2,600 au 5,800. Nilimshauri arudi kwenye 20W-50 ya bei nafuu, apime kila asubuhi, aweke akiba ya kufungua injini. Akishaifungua na kuitia ringi mpya, hapo tutazungumza sintetiki. Moshi wa buluu ukiwa ni pumzi moja tu asubuhi unapowasha, kisha ukakatika, hizo ni sili za vali na si balaa. Ukiendelea kila unapokanyaga, usimwage pesa zako.

Wenye magari ya zamani zaidi, kama Peugeot 504, nao wana jambo lao. Tapeti zao husuguana na kemshafti kwa uso bapa na zinahitaji zinki na fosforasi kwenye oili. Oili nyingi za viwango vipya, hasa nyepesi, zimepunguziwa hizo ili kulinda kichujio cha ekzosi, kifaa ambacho 504 nyingi hazikuwa nacho. Kwa gari kama hilo soma galoni vizuri, usifuate neno sintetiki peke yake.

Kwa pesa, sitamdanganya mtu kwamba nimeokoa. Galoni ya lita 4 ya kawaida nilikuwa nikinunua 2,600, sintetiki ni 5,800. Filta ni 450 kwa zote. Ukibadilisha ya kawaida kila kilomita 5,000 na sintetiki kila 7,000, sintetiki bado inazidi: kama senti 61 kwa kilomita kwa ile, na 89 kwa hii. Kwa mwaka wangu wa kilomita elfu 12 na kitu, tofauti ni shilingi 3,500 hivi. Nailipa kwa hiari. Injini nyingine ya mtumba ni pesa nyingi mara kadhaa, na isingekuwa hii aliyoipiga kofi baba.

Tena oili za bandia zipo, na kwenye sintetiki ndiko faida yao iliko kubwa. Nanunua duka moja tu, natazama kizibo na ringi yake haijaguswa, na galoni ikiisha naitoboa kwa msumari kabla sijaitupa ili mtu asije akaijaza upya. Oili chafu ami huitia kwenye mtungi, maseremala huja kuichukua wapake nguzo zisiliwe na mchwa. Haimwagwi chini, wala mtaroni. Mitaro yetu yote huishia baharini.

Leo saa ya kilomita inasoma 412,610. Jumamosi hii itakuwa imefika 412,700 na ni zamu ya kumwaga tena. Tutaikata filta kama kawaida. Klachi imeanza kuteleza kwenye kilima cha Sabaki nikitoka Mambrui, na ami amesema Desemba shule zikifungwa giaboksi lazima ishuke, kwa hiyo sili ya nyuma tutaibadilisha wakati huo huo, kazi moja. Sili yenyewe nimeshainunua. Iko kabatini pamoja na daftari.